Filamu za Mapigano Zilizobadilishwa: Historia ya Nakala na Suala la Uhakiki katika Thika na Ruiru

1.0 Utangulizi

Mhakiki aliyezoea miswada ya tenzi huanza kazi yake kwa swali moja: ni nakala ipi inayohakikiwa? Al-Inkishafi, kwa mfano, imehifadhiwa katika miswada isiyolingana kwa idadi ya beti wala kwa mpangilio wake, na toleo la William Hichens la mwaka 1939 si sawa na lile la James de Vere Allen la mwaka 1977. Hakuna mhakiki makini anayeweza kuandika juu ya utungo huo bila kutaja toleo analolitumia. Hata hivyo, swali hilo ni nadra kuulizwa kuhusu filamu. Filamu huchukuliwa kuwa kazi moja iliyokamilika siku ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Lolote linalofanyiwa baada ya hapo huitwa wizi likifanywa na mtu wa kibandani, na huitwa urekebishaji likifanywa na kampuni inayoimiliki.

Makala haya yanafuatilia historia ya filamu za mapigano za zamani kama zilivyowafikia watazamaji wa Thika na Ruiru kwa njia ya kaseti, diski na hatimaye faili za kompyuta. Nia yake ni kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba watazamaji hao hawakuwahi kupata filamu hizo katika umbo lililokusudiwa na waliozitengeneza. Kila kizazi kilipokea nakala iliyokwisha kubadilishwa. Pili, kwamba vigezo vya fasihi simulizi, vinavyomtambua fanani, hadhira na uwasilishaji, vinaweza kutusaidia kupima mabadiliko ya namna hii kwa haki zaidi kuliko kipimo cha uasilia peke yake.

2.0 Enzi ya Kaseti: Mabadiliko Yasiyotangazwa

Thika ni mji wa viwanda. Ruiru ulikua kando ya mashamba ya kahawa, na kituo chake cha utafiti ndicho kilichoipa jina aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima katikati ya miaka ya 1980. Miji yote miwili imo katika kaunti ya Kiambu, kwenye njia kuu itokayo Nairobi, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 Ruiru ilikuwa na wakazi zaidi ya 490,000 na Thika wapatao 250,000. Wengi wao, au wazazi wao, walifuata kazi za viwandani, mashambani na jijini. Wana lugha mbalimbali za mama, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, ndani ya matatu na mbele ya televisheni.

Kaseti za VHS zilipoenea nchini katika miaka ya 1980, vibanda vya video vilizuka katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Makongeni na Kiandutu upande wa Thika, na Githurai na Kimbo upande wa Ruiru, ni mitaa ya aina hiyo. Kibanda kilihitaji vitu vichache: mabati, mabenchi, pazia zito mlangoni, televisheni na mashine ya kuchezea kaseti. Filamu zilizopendwa zilitoka hasa Hong Kong, India na Marekani. Sababu yake haikuwa mapigano tu. Katika filamu hizi mtazamaji huweza kufuata kisa kwa kuangalia miili: nani ameonewa, nani anajifunza, nani amerudi kulipiza. Lugha asiyoielewa haimfungii mlango kabisa.

Lakini kilichoonekana kibandani kilikuwa nini hasa? Filamu za Shaw Brothers wa Hong Kong, mathalani, zilipigwa kwa picha pana yenye uwiano wa 2.35 kwa 1. Televisheni ya wakati huo ilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, yaani 1.33 kwa 1. Ili picha ijaze kioo chote, ilibidi ikatwe pande mbili, na hesabu inaonyesha kwamba takriban asilimia 43 ya upana wake ilipotea. Hasara hiyo ni kubwa zaidi katika filamu za kung fu kuliko katika tamthilia ya mazungumzo, kwa kuwa wapiganaji husimamishwa katika ncha mbili za picha, na nafasi iliyo baina yao ndiyo inayomwonyesha mtazamaji ukali wa pigo na ustadi wa kulikwepa. Mtazamaji wa kaseti aliona mguu ukirushwa, kisha akasikia mlio. Aliyepigwa alikuwa amebaki nje ya kioo.

Mabadiliko ya pili yalihusu mwendo. Filamu huonyeshwa sinemani kwa picha 24 kila sekunde, ilhali mfumo wa PAL uliotumiwa na televisheni ya Kenya huonyesha picha 25. Kwa kawaida kaseti ya mfumo huo ilikwenda kasi zaidi kwa kiasi cha asilimia 4. Filamu ya dakika 100 ilimalizika kwa dakika 96, na sauti za watu zilipanda kidogo.

La tatu ni sauti yenyewe. Studio za Hong Kong za miaka ya 1970 kwa kawaida zilipiga picha bila kunasa sauti, kisha zikaingiza maneno baadaye, mara nyingi kwa vinywa vya watu wengine. Katika The Big Boss ya mwaka 1971, sauti inayosikika si ya Bruce Lee. Filamu hiyo hiyo ina muziki wa aina tatu: uliotungwa na Wang Fu-ling kwa toleo la Kimandarini, wa Peter Thomas kwa toleo la Kiingereza, na wa Joseph Koo kwa toleo la Kikantoni lililotoka mwaka 1983. Anayedai kuihakiki The Big Boss kwa masikio hana budi kusema ameisikia ipi.

Inafaa kusisitiza kwamba mabadiliko haya hayakutangazwa. Hakuna kaseti iliyomwarifu mtazamaji wa Makongeni kwamba karibu nusu ya picha imeachwa. Nakala hiyo yenye upungufu ndiyo aliyoijua, na ndiyo inayokumbukwa hadi leo kwa jina la filamu ya zamani.

3.0 Diski na Mtambaji: Mabadiliko Yanayojitangaza

Diski za VCD, ambazo kanuni zake ziliwekwa mwaka 1993, zilileta hali mpya. Picha yake ilikuwa hafifu, nukta 352 kwa 288 katika mfumo wa PAL, na diski moja ilibeba dakika 74 hivi, kiasi kwamba filamu nyingi zilikatwa mara mbili na kuuzwa katika diski mbili. Ubora haukuongezeka sana kuliko wa kaseti. Kilichobadilika ni uwezo wa mtu mwenye kompyuta ya kawaida na kipaza sauti. Sasa aliweza kuichukua filamu, akaipunguza sauti yake, akaweka ya kwake juu yake, na kutoa nakala nyingi kwa gharama ndogo.

Usimulizi wa filamu haukuzaliwa na kompyuta. Nchini Uganda wasimulizi waitwao VJ walisimama kibandani na kusimulia kwa Kiganda papo hapo, filamu ikiendelea. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa filamu alizozisimulia kwa Kiswahili, na Matthias Krings amezichunguza kazi za wasimulizi wa Tanzania kwa kina. Nchini Kenya, jina linalotajwa kwanza tangu miaka ya 2000 ni DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kilichochanganyika na Sheng kimesikika vibandani, katika vinyozi na ndani ya magari ya abiria ya Barabara ya Thika. Wapo wengine waliomfuata na kumwiga.

Kazi ya mtambaji huyu si tafsiri kwa maana ya kawaida. Mfasiri hufuata maneno ya wahusika, naye mtambaji hufuata kisa. Hujitaja mwanzoni, kama fanani anavyojitambulisha kwa hadhira yake. Humtaja staringi mapema na kuwahakikishia watazamaji kwamba ndiye watakayekuwa naye hadi mwisho. Huwapa wahusika majina yanayoshikika, huyarudia matukio yaliyopita kwa ajili ya aliyechelewa kuingia, hukisia yajayo, humkejeli adui, na pale kisa kinapolegea hutia mzaha unaohusu maisha ya mtaani. Jambazi wa Hong Kong huweza kuelezwa kana kwamba anatafuta gari la Githurai. Kila mojawapo ya mbinu hizi inajulikana katika fasihi simulizi: fomyula ya kufungulia, takriri, kuishirikisha hadhira, na kuuhamishia mtambo katika mazingira yanayojulikana.

Hata hivyo, kuitambua sanaa hiyo hakuna maana ya kuisifu bila kuipima. Chukua mfano wa The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Lau Kar-leung na kuigizwa na Gordon Liu. Sehemu kubwa ya filamu hii ni mafunzo. Mwanafunzi anabeba maji, anaanguka, anarudia, anapanda daraja moja baada ya jingine. Maneno ni machache, na milio ya maji, miti na pumzi ndiyo inayoeleza uzito wa kazi. Mtambaji asiyevumilia kimya huijaza sehemu hii kwa maneno, na kwa kufanya hivyo huiondoa maana yake, kwa kuwa subira ndiyo maudhui. Mtambaji stadi huweza kunyamaza, akaiacha milio isikike, kisha akasema neno moja mwanafunzi anapofaulu. Watambaji wawili wanaweza kuisimulia filamu moja, mmoja akaiharibu na mwingine akaikuza. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya mhakiki kuieleza, na haielezeki kwa mtu anayeziita nakala zote mbili wizi na kuishia hapo.

Kuna upungufu mwingine ulio mzito zaidi. Mtazamaji asiyejua Kiingereza wala Kichina humtegemea mtambaji kwa kila anachokijua kuhusu sababu za vita anavyoviona. Mhusika mwanamke aliyeandikwa kuwa jasiri huweza kugeuzwa kichekesho kwa sentensi mbili tu, na hadhira isijue kwamba alisema lingine. Uhuru wa fanani una dhima ndani yake, na uhakiki unaoipuuza dhima hiyo kwa kutaka kuitetea sanaa ya watu wa kawaida hauisaidii sanaa hiyo.

4.0 Usafishaji wa Kidijitali: Mabadiliko Yanayojificha

Wakati watambaji wakiendelea na kazi yao, wenye filamu nao walikuwa wakizibadilisha. Filamu za zamani zilipotayarishwa kwa ajili ya DVD, Blu-ray na baadaye diski za 4K, kampuni zilitumia kompyuta kuondoa chembechembe, kubadili rangi, kunoa kingo za picha na kutengeneza sauti upya. Chembechembe hizo si uchafu. Ndizo zinazoijenga picha ya filamu, na zikifutwa kupita kiasi hufutika pamoja nazo mikunjo ya ngozi, nyuzi za nguo na majani ya miti.

Predator ya mwaka 1987 ni mfano unaojulikana. Toleo la Blu-ray la mwaka 2010 lilisafishwa hivi kwamba nyuso za askari, akiwemo Arnold Schwarzenegger, zinaonekana kama zimefinyangwa kwa nta. Watazamaji wengi waliona afadhali diski ya mwaka 2008, ingawa ilikuwa na chembechembe nyingi. Mwaka 2024 malalamiko kama hayo yalizuka kuhusu diski za 4K za Aliens, The Abyss na True Lies, ambazo James Cameron mwenyewe aliutetea utayarishaji wake. Hapo ndipo hoja ya nia ya msanii inapokwama. Mwongozaji wa mwaka 2024 anasema hivyo ndivyo anavyotaka, lakini filamu ilitengenezwa mwaka 1986 pamoja na mpigapicha, wahariri na mafundi wengine ambao uteuzi wao nao umo katika kila fremu.

Filamu za Hong Kong zilipata madhara yake. Maktaba ya Shaw Brothers ilinunuliwa na Celestial Pictures mwaka 2000, na filamu mamia zikaanza kutolewa upya kuanzia mwaka 2002. Picha pana ilirudi, na hiyo ilikuwa faida kubwa kwa aliyezoea kaseti. Lakini katika baadhi ya diski milio ya zamani ilifunikwa kwa milio mipya ya kisasa. Drunken Master II ya mwaka 1994 ilipotolewa Marekani mwaka 2000, iliwekewa muziki mwingine na maneno ya Kiingereza, na tukio la mwisho likaondolewa. Tukio hilo humwonyesha shujaa aliyeharibiwa akili na pombe ya viwandani aliyoinywa ili ashinde. Bila tukio hilo ushindi hauna gharama, na filamu inabadilika maudhui yake, si sura tu.

Mfano wa India unaonyesha upande wa pili. Katika Sholay ya mwaka 1975, mwisho wa awali ambapo Thakur anamuua Gabbar Singh uliondolewa kwa amri ya wadhibiti wa filamu, na mwisho mwingine ukapigwa ambapo polisi wanaingilia kati. Mwaka 2014 filamu hiyo iligeuzwa kuwa ya 3D, jambo ambalo mwongozaji wake, Ramesh Sippy, alikwenda mahakamani kulipinga bila kufanikiwa. Mwaka 2025 toleo lililorejeshewa mwisho wa awali lilionyeshwa mjini Bologna, Italia. Teknolojia ile ile iliyotumika kuirembesha filamu imetumika pia kuirudishia kilichokatwa. Kwa hiyo ni makosa kuilaani mashine; la kuulizwa ni imetumika kufanya nini, na je, aliyeitumia amesema alichokifanya?

5.0 Vigezo vya Kuhakikia

Kwa kuzingatia historia hiyo, vigezo vitatu vinajitokeza.

Kigezo cha kwanza ni uwazi. Fanani wa fasihi simulizi ana ruhusa ya kubadilisha, na hadhira humpa ruhusa hiyo kwa sababu inamwona na kumsikia. Sauti ya mtambaji wa Kiswahili haiwezi kudhaniwa kuwa ya Gordon Liu. Kila anayeitazama nakala yake anajua kuwa mtu amesimama kati yake na filamu. Toleo lililosafishwa, kwa upande mwingine, hudai kwamba hakuna aliyesimama hapo na kwamba ndiyo filamu yenyewe, safi kuliko awali. Kwa kigezo hiki, nakala ya kibandani ina uaminifu ambao diski ya gharama kubwa inaweza kuukosa.

Kigezo cha pili ni kuendelea kuwepo kwa matoleo mengine. Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Shakespeare mwaka 1963 na kuitoa upya iliyosahihishwa mwaka 1969, ya kwanza haikukusanywa na kuchomwa. Msomaji anaweza kuzilinganisha. Kwa miongo mingi haikuwa hivyo kwa Star Wars ya mwaka 1977. Baada ya George Lucas kuibadilisha mwaka 1997, toleo la awali lilipatikana rasmi kama nyongeza tu ya DVD ya mwaka 2006, tena kwa picha duni. Badiliko linaloongeza toleo huipanua filamu, nalo linalofuta lililotangulia huikata historia yake.

Kigezo cha tatu ni mchango wa badiliko katika maana. Je, linamsaidia mtazamaji kuona au kuelewa kilichokuwa kimefichika, au linaondoa kilichokuwepo? Kurudisha picha pana ya Shaw Brothers kunafaulu hapa. Mtambaji anayefafanua deni la heshima kati ya mwalimu na mwanafunzi kwa watu wa Kimbo anafaulu pia. Uso wa nta unashindwa, na mzaha unaofunika kilele cha pigano nao unashindwa.

Sheria haiwezi kuchukua nafasi ya vigezo hivi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka kibali kwa mtu anayeifanyia kazi ya mwingine marekebisho, na inamtambulia mwandishi haki ya kupinga kupotoshwa kwa kazi yake. Mtambaji asiye na kibali yuko nje ya sheria, na jambo hilo halifai kufichwa, kwa kuwa wapo watu ambao jasho lao limeuzwa bila wao kulipwa. Lakini sheria hiyo hiyo humtambua mwandishi wa filamu kuwa yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza, na kwa kawaida huyo ndiye mtayarishaji au kampuni. Kwa hiyo inailinda filamu dhidi ya mtu wa nje, na haina neno mwenye mali anapoipaka nta mali yake mwenyewe. Uhalali na thamani ya kisanaa ni masuala mawili, na mhakiki anapaswa kuyajibu yote mawili bila kuyachanganya.

6.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba mtazamaji wa Thika na Ruiru amepokea filamu ya zamani katika sura tatu: iliyokatwa na kaseti, iliyotambwa na msimulizi, na iliyosafishwa na kampuni. Hakuna kati ya hizo iliyo filamu ya siku ya kwanza. Mhakiki anayeijua historia hiyo hatasema ameitazama Predator au Sholay. Atasema ni toleo lipi, la mwaka gani, na kwa sauti ya nani.

Jambo la dharura ni uhifadhi. Matoleo ya kampuni yana wenyewe wa kuyatunza. Kazi za watambaji hazina. Diski za VCD hukwaruzika na kutupwa, faili hufutwa ili kupata nafasi ya nyingine, na nakala isiyo na kibali haina njia rahisi ya kuingia maktabani. Pamoja nazo kinapotea Kiswahili cha kusimulia cha miongo miwili na zaidi: namna Sheng ilivyobadilika, mizaha iliyoeleweka, na majina waliyopewa mashujaa. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika kwenyewe. Vyote vitatu viko kwenye barabara hiyo hiyo ambayo sauti hizi zilisafiria. Wanafunzi wake wamefundishwa kurekodi ngano na majigambo, kuandika jina la fanani, mahali, tarehe na hadhira. Utaratibu huo unafaa vilevile kwa filamu iliyotambwa, na kwa madhumuni ya utafiti unaweza kuanza kwa kuyanukuu maneno ya mtambaji peke yake, bila kunakili picha za mwenyewe.